Linganisha Nakala

Usiku kucha programu ilikuwa ikijipakua,
ikala bando langu la wiki nzima,
jogoo wa jirani akaikuta asilimia tisini na tisa.
Asubuhi nafungua kibanda, Barabara ya Adumi, hapa Arua,
naikuta imevaa sura ngeni:
vitufe vimeviringana kama maandazi,
pale pa kuchapa pamehamia kusikojulikana,
na kijisanduku kinaniamkia: Karibu! Tazama yaliyo mapya.

Nikatazama. Kama ningekuwa na hiari.

Sasa inajihifadhi yenyewe, kila neno.
Hilo nililipigia makofi, peke yangu, kibandani,
maana umeme wa hapa huondoka bila kuaga.
Mwaka juzi ulinimezea kurasa arobaini,
katiba ya chama cha wafuga nyuki.
Nikaipiga upya kwa kukumbuka tu,
na kipengele cha tisa hadi leo ni changu,
wenyewe hawajui, wanakifuata.

Sasa ina giza la kupumzisha macho.
Sasa inabashiri. Naandika "Kwa heshima na",
yenyewe inanong'ona kwa rangi ya kijivu: "taadhima".
Naandika "mume wangu ali",
inanimalizia: "fariki".
Nikaondoa vidole.
Jamani, wake wangapi wamepita humu
hata mashine ikajua waume hufanya nini?

Saa nne akaingia Bi Zamzam,
stakabadhi zake ndani ya mfuko wa sukari, umefungwa mpira.
Kiinua mgongo cha marehemu, dereva wa wilaya.
Barua ya kumi na mbili.
"Andika kama ile ya mwisho," akasema, "badilisha tarehe tu."

Kama ile ya mwisho.
Na ile ya mwisho ilikuwa kama ile ya kabla yake,
punguza hiki, lainisha kile,
maana kila aliporudi kutoka madirishani kwao
karani fulani alikuwa amemwambia
barua yako, mama, ina sauti kubwa.

Nikitafuta pa kuchapa,
kipanya kikaangukia kitufe nisichokijua: Linganisha.
Kioo kikapasuka katikati.
Kushoto barua ya kwanza, ya Februari ile;
kulia ya kumi na moja.
Na kwa wekundu, yamepigwa mstari tumboni,
yote tuliyoyafuta mimi na yeye
kwa shilingi elfu moja ukurasa.

Palipokuwa na "nadai", pamekaa "naomba".
Palipokuwa na "haki yangu", "msaada wowote".
"Miaka ishirini na sita kwenye usukani",
hapo hapana kitu, pengo jeupe tu.
"Mpaka lini?" nayo imekwenda, pamoja na alama yake ya kuuliza.

Nikamgeuzia kioo.
Hasomi haraka. Alifuata kwa kidole,
akaacha alama ya unga wa muhogo juu ya wekundu.
"Huyu wa kushoto ni nani?"
"Ni wewe, Bi Zamzam."
Akanyamaza. Nje boda ilipiga honi, ikachoka.
Akaufungua mpira wa mfuko, akaufunga tena.
"Basi," akasema, "mpige chapa huyo."

Nikabofya Rejesha.

Lilibaki jina la mume: Onzima Drileba,
limepigiwa kijimstari chekundu, cha mawimbi, chini.
"Na yeye pia mlimfuta?"
"Hapana. Huu mstari ni wa mashine. Hailijui jina."
"Hata humo hawamjui?"

Kuna kitufe cha hilo; hicho si kipya, kipo tangu zamani,
sijui kwa nini sikuwahi kukigusa:
Ongeza kwenye kamusi.
Wekundu ukatoweka. Akasogeza uso karibu na kioo.

"Ni hivyo tu?"
"Hivyo tu, mama. Kwenye mashine hii."